Nyuki Seremala: Mtoe Kwenye Kenchi, Mpeleke Kwenye Pasheni

Kama una baraza lenye mbao zisizopakwa rangi, huenda mnafahamiana. Anakuja mchana, mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, na mvumo wake unamfanya mgeni ainamishe kichwa huku kikombe cha chai kikimcheza mkononi. Mara anapotelea ndani ya mbao. Chini sakafuni kinabaki kichuguu cha unga wa mbao, laini kama uliotoka kwenye msasa. Unafagia asubuhi, jioni kipo tena.

Huyo ni nyuki seremala. Wataalamu wanamwita Xylocopa, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mkata mbao. Fundi aliyeniezekea nyumba hapa Muheza alikuwa na tiba moja tu: "Bosi, nipe mafuta ya taa nusu lita na bomba la sindano. Kesho huwaoni." Nikampa, na kweli kesho yake sikuwaona. Msimu uleule nilikuwa na mashina arobaini ya pasheni ya njano nyuma ya nyumba. Yalichanua mpaka wapita njia wanasimama, lakini maua yakawa yanadondoka tu. Nikalaumu mbolea, nikalaumu mvua, nikamlaumu aliyeniuzia miche. Ilinichukua mwaka mzima kuunganisha mafuta ya taa na maua yaliyodondoka.

Pasheni na nyuki huyu wanahusiana vipi

Ua la pasheni ya njano hufunguka karibu na saa sita mchana, likafunga usiku. Siku yake ni hiyo moja. Chavua yake ni nzito na inanata, kwa hiyo upepo hauwezi kuibeba. Zaidi ya hapo, shina la pasheni ya njano haliwezi kujizalisha lenyewe: chavua lazima itoke kwenye shina jingine lisilo pacha wake. Bila mbebaji hakuna tunda.

Tazama ua kwa karibu. Vifuko vitano vya chavua vimening'inia vikitazama chini, na juu yake kuna ncha tatu za kike ambazo, baada ya ua kufunguka, huinama taratibu hadi usawa wa vifuko hivyo. Asali ya ua iko chini kabisa, kwenye kikombe. Nyuki seremala akitua na kuzunguka akinywa, mgongo wake unasugua vifuko, na akihamia ua jingine mgongo huohuo unagusa zile ncha tatu. Kimo chake kimetosha, kama ufunguo na kitasa. Nyuki wa asali anapita chini bila kugusa zile ncha. Mbaya zaidi, mara nyingi huwahi kukomba chavua na kuondoka nayo, seremala akija anakuta vifuko vitupu. Kwa hiyo ukishauriwa uweke mizinga ya asali katikati ya pasheni ili uvune zaidi, shukuru kwa ushauri, kisha mizinga iweke mbali.

Jambo jingine ambalo wakulima wengi hawalijui ni kwamba kila kokwa ya pasheni limevikwa kifuko chake cha maji matamu. Chavua ikiingia kidogo, kokwa zinakuwa chache, na tunda linakuwa ganda lenye hewa. Mnunuzi anayepima kwa kilo atakwambia mapema.

Pasheni ya zambarau, ya huku milimani Lushoto na kwingine kwenye baridi, ina tabia tofauti: hufunguka alfajiri, hufunga karibu na adhuhuri, na inaweza kujichavusha. Mwenye zambarau hatapata hasara kama yangu, ingawa nyuki seremala humsaidia naye.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yeye

Tundu lake ni la mviringo kamili, kama lililotobolewa kwa keekee, na kidole cha mwisho cha mtoto kinaingia. Mara nyingi liko upande wa chini wa mbao, mahali mvua haifiki. Chini yake kuna unga wa mbao, na ukutani utaona michirizi ya njano au ya kahawia. Hicho ni kinyesi chake, na kwenye rangi nyeupe kinakera kweli. Fukusi hutoboa vitundu vidogo vya kuingiza kijiti cha kiberiti na unga wake ni kama poda. Mchwa huleta udongo. Nyigu wa udongo hujenga vibanda vya tope juu ya ukuta na mbao haigusi kabisa.

Tofauti kubwa na fukusi au mchwa ni kwamba seremala hali mbao. Anaikata kwa meno na kuitupa nje, akibakiza kidogo cha kujengea kuta za ndani. Chakula chake ni asali ya maua na chavua.

Kuhusu kuumwa: dume hana mwiba, na ndiye anayekuja kuning'inia hewani mbele ya uso wako akikukazia macho kama mgambo wa sokoni. Ni vitisho vitupu. Jike ana mwiba, lakini mpaka umshike au umbane kwenye nguo. Katika aina zetu nyingi dume na jike wana rangi tofauti. Kwa Xylocopa caffra, kwa mfano, jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya manjano au meupe, na dume ana manyoya ya manjano mwili mzima, hata ukadhani ni mdudu mwingine.

Hatua ya pili: jua kilichomo kabla hujaziba

Niliwahi kupasua mlingoti mkavu wa mkonge, yaani shina lake refu la maua, uliokuwa na tundu. Tundu liliingia moja kwa moja kama sentimita mbili, kisha likakata kona na kufuata urefu wa mlingoti. Kuta zilikuwa laini, ungedhani zimepigwa randa. Mwisho kabisa kulikuwa na vyumba vinne vimepangwa kama mabehewa, kila kimoja kimetengwa na kingine kwa kizibo cha unga wa mbao uliogandishwa. Ndani ya kila chumba kuna bonge la chavua iliyokandwa kwa asali, rangi ya dengu, na linanuka uchachu kidogo kama unga wa maandazi uliolala. Juu ya bonge la chumba cha mwisho kutengenezwa kulikuwa na yai moja, jeupe, lililopinda, refu kuliko punje ya mchele. Wadudu hawa hutaga mayai makubwa mno kulingana na miili yao, ndiyo maana wanataga machache. Jike mmoja hana watoto maelfu kama malkia wa mzinga, ana hao wachache tu. Ukimwua mmoja umepunguza hesabu inayoonekana.

Tena watoto wakishakua hawaondoki mara moja. Hukaa kwenye shimo la mama yao wiki kadhaa, mama akiwalisha. Ukiziba tundu wakati huo watatoboa tundu jingine, na hapo kenchi moja inakuwa na majeraha mawili.

Kwa hiyo fanya jaribio la karatasi. Kunja kipande cha gazeti, kichomeke tunduni bila kukibana. Kikisukumwa nje kesho au keshokutwa, nyumba ina wenyewe, waache. Kikikaa miezi miwili bila kuguswa, ziba. Usitumie sementi, inapasuka na kudondoka. Chonga kijiti cha mbao ngumu, kipake gundi ya mbao, kigonge ndani, kata kinachobaki, piga msasa.

Hatua ya tatu: mbao zako zisimvutie

Seremala anapenda mbao laini, kavu, isiyopakwa kitu na iliyochakazwa na jua. Paini ya fishabodi ni karamu kwake. Mninga na mvule humchosha, ingawa nisiseme hazitoboi kabisa. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni rangi ya mafuta, mikono miwili, pande zote za mbao pamoja na ule wa chini ambao mafundi huuruka kwa sababu hauonekani. Vanishi inasaidia kidogo tu. Kama nyumba inajengwa sasa, paka mbao zikiwa chini kabla ya kupandishwa. Utanishukuru usiku wa mvua wakati hupandi ngazi.

Mimi nilikuwa na fishabodi moja iliyotobolewa matundu tisa. Ile sikuiziba. Saa mbili usiku, wote wakiwa wamelala ndani, tuliweka vitambaa kwenye matundu, tukaing'oa, tukaifunga kwenye banda la mkaa kando ya pasheni, kisha tukatoa vitambaa. Kesho yake wakubwa kadhaa walirudi barazani na kuzunguka pale ilipokuwa mbao kama watu waliokuta nyumba imevunjwa. Wana kumbukumbu kali ya mahali. Lakini waliotoka kwenye vyumba baadaye walilijua banda la mkaa kuwa ndiyo kwao, na hapo ndipo nilipoanza upya. Ukihamisha, jua kwamba unahamisha watoto zaidi kuliko wazazi.

Hatua ya nne: wajengee nje

Hapa sisi wa Tanga tumebarikiwa. Mkonge, ambao uliletwa huku mwaka 1893, huchanua mara moja tu maishani. Hutoa mlingoti mrefu wa mita kadhaa, kisha mmea wote unakufa na mlingoti unakauka ukiwa umesimama. Ngozi yake ni ngumu, ndani ni laini kama boflo la jana. Nyuki seremala hajawahi kupata kiwanja kizuri kuliko hicho. Ukipita kando ya shamba la zamani la mkonge, gonga milingoti mikavu, mingine itakujibu kwa mvumo.

Kata mlingoti uliokauka kabisa, usiochukuliwa na ukungu, unene kuanzia sentimita sita. Ugawe vipande vya urefu wa mkono, tuseme sentimita 60 hadi 80. Kwa keekee ya milimita 12 tengeneza kitundu cha kuanzia, kina sentimita mbili, karibu na katikati ya kipande. Si lazima, ila kinamvuta jike anayetafuta. Asiye na mkonge atumie matawi makavu ya mkorosho au ya mwembe, au mabaki ya paini kutoka kiwanda cha mbao, mradi hayajawekwa dawa. Mbao yenye dawa ya kijani au harufu ya oili chafu usiilete.

Vifunge vipande kwa kamba ya katani, vimelala, chini ya paa. Paa laweza kuwa bati bovu juu ya miti minne. Mlingoti ukinyeshewa unaoza kabla ya msimu kuisha na watoto wanakufa kwa ukungu. Elekeza upande wa matundu mashariki ili wapate jua la asubuhi. Urefu kutoka ardhini usipungue kimo cha kifua. Visiwe vinabembea, jike haingii kwenye nyumba inayotikisika.

Adui wa kwanza ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe. Wakipata njia watasafisha vyumba vyote. Usifunge vipande kwenye mti wenye viota vyao, na matawi yasiguse banda. Miguu ya banda iweke kwenye makopo ya maji. Adui wa pili ni kigong'ota. Akianza kupasua milingoti, zungushia wavu wa kuku wenye matundu makubwa. Seremala atajifunza kupita, ndege hatapita.

Kando ya hao, pachika vipande vya mianzi au matete kwa ajili ya jamaa zao wadogo, nyuki wakata majani. Hawa pia huishi kila mmoja kivyake, ila hawatoboi, wanapanga kwenye tundu lililopo na kulitandika kwa vipande vya majani vilivyokatwa duara. Ukiona majani ya waridi au mbaazi yana pengo la nusu duara lililokatwa safi, ni wao. Tundu la milimita 6 hadi 10, kina cha kidole au zaidi, nyuma pawe pamezibwa na fundo la mwanzi. Pasheni hawaiwezi, lakini mbaazi wanaihudumia vizuri sana.

Nchini Brazili, ambako pasheni ni kilimo kikubwa, wapo waliokwenda mbali zaidi: hutengeneza masanduku yenye fremu za mbao laini ambamo seremala hutoboa, na masanduku hayo huhamishwa shambani wakati wa maua. Kwa mkulima wa robo eka sioni haja. Mlingoti wa mkonge ni bure.

Tahadhari moja: wakishazoea, watazitazama na nguzo zako za pasheni. Tumia nguzo za mti mgumu, au kubali kubadilisha moja kila baada ya muda. Mimi nimekubali.

Hatua ya tano: chakula cha miezi yote

Pasheni inampa seremala asali kwa msimu, lakini kulea watoto anahitaji chavua nyingi kutoka mimea mingine, na anahitaji kula hata pasheni ikiwa majani matupu. Panda marejea kwenye kingo. Maua yake ya njano ni magumu kufunguka, nyuki wadogo yanawashinda, seremala anayakanyaga na kuyafungua. Panda mbaazi, acha kunde zichanue, na kama kuna mjohoro karibu usiukate wote. Nyanya, nyanya chungu na biringanya nazo anazipenda, na hapo ana ufundi wake: anakumbatia ua, anatetemesha misuli ya kifua bila kupiga mabawa, na chavua inamwagika kama chumvi kwenye kidumu. Mlio wake hubadilika kabisa, unakuwa mkali na mwembamba. Simama kwenye biringanya saa tatu asubuhi utausikia.

Hatua ya sita: dawa za kupulizia

Usipulizie pasheni ya njano kuanzia adhuhuri hadi machweo. Kama hakuna budi, pulizia usiku, maua yakishafunga na nyuki wakiwa ndani, na banda lao lisifikiwe na mvuke wa dawa. Ukipulizia saa nane mchana kwa sababu kibarua amekuja saa nane, unalipa mara mbili: dawa, na mavuno.

Hatua ya saba: pima, usikisie

Siku moja ya jua, maua yakiwa bado hayajafunguka, chagua vichomozi thelathini vitakavyochanua siku hiyo. Kumi vifungie uzi mwekundu na uviache. Kumi vifungie uzi mweupe na uvivishe vifuko vya chandarua. Kumi vifungie uzi wa bluu, na kama saa nane mchana, ncha za kike zikiwa zimeinama, chukua chavua kwa kidole kutoka shina la mbali na uzipake zote tatu. Fanya siku isiyo na mvua. Chavua ikilowa inapasuka na kazi ni bure.

Rudi baada ya wiki. Ua lisiloshika huwa limedondoka, lililoshika lina kitunda cha kijani. Uzi mweupe usitegemee kitu. Linganisha mwekundu na wa bluu. Vikikaribiana, nyuki wako wanatosha, waache wafanye kazi. Wa bluu ukiwa na matunda manane na mwekundu mawili, huna nyuki, ongeza milingoti na marejea, na kwa msimu huu paka kwa mkono.

Lakini wa bluu nao ukidondoka, nyuki hawana kosa. Mbolea ya nitrojeni ikizidi au maji yakipungua inatokea, ila kwanza uliza miche yako ilitoka wapi. Kama mashina yote yamekatwa vipandikizi kutoka shina moja la jirani, hayo yote ni mmea mmoja, na chavua ya mmoja haishiki kwa mwingine hata uzungukwe na nyuki mia. Chimbua machache, panda miche ya mbegu kutoka kwa watu watatu tofauti, uichanganye katika kila mstari.